Ovari zenye vifuko vingi na sukari ya damu

Ovari zenye vifuko vingi, hali ambayo madaktari huiandika PCOS, humpata mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanayo wanawake 10 hadi 13 katika kila 100, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Mwanamke wa Manundu, kata ya mji wa Korogwe, huenda Hospitali ya Magunga kwa sababu hedhi imepotea miezi mitatu, au mawifi wameanza kuulizia mtoto. Sukari haimo katika shida alizokwenda nazo, na ilipasa iwemo.

Kiini ni insulini. Kwa wengi wenye hali hii mwili hauiitikii vizuri, hivyo kongosho huimwaga kwa wingi zaidi. Sukari huweza kubaki sawa kwa miaka, lakini insulini ile ya ziada huchochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Ndipo huja chunusi, ndevu za kidevuni, na mayai yanayoishia njiani bila kupevuka. Kongosho likielemewa, sukari hupanda. Ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, hiyo ni dalili ya insulini iliyozidi, si nongo, wala haitoki kwa dodoki. Unene huzidisha mambo, ila wembamba si kinga.

Uhusiano huu si habari mpya: Ufaransa, mwaka 1921, madaktari Achard na Thiers walieleza kisukari cha wanawake wenye ndevu, miaka 14 kabla Stein na Leventhal wa Chicago hawajaieleza hali ya ovari zenyewe.

Kipimo cha asubuhi kabla ya kula hakitoshi, kwani sukari ya wengi huharibika kwanza baada ya chakula. Kinachofaa ni kunywa gramu 75 za glukosi, kukaa kwenye benchi saa mbili bila kutafuna kitu, kisha kupimwa tena: 7.8 hadi 11.0 mmol/L ni dalili ya hatari, 11.1 na zaidi ni kiwango cha kisukari. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka kipimo kirudiwe kila baada ya mwaka 1 hadi 3.

Bada na ugali havipigwi marufuku. Hupunguzwa tonge, mboga na maharage yakaongezwa. Chai ya sukari nyingi na soda ndizo za kuachwa kwanza. Dawa ya metformini husaidia mwili kuiitikia insulini, na huweza kurudisha upevushaji wa yai, hivyo asiyetaka mimba huhitaji uzazi wa mpango. Anayepata mimba aitaje hali hii katika hudhurio la kwanza kliniki, kwa kuwa kisukari cha mimba humnyemelea zaidi.