Mpelelezi wa Riwaya na Njia ya Tunduma

Katika Kiswahili, mpelelezi aghalabu ni mtu wetu. Jasusi ni mtu wa adui. Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba, tangu riwaya ya Kufa na Kupona (1974), ni mpelelezi: hupambana na hatari, na mwishowe mwovu hujulikana.

Historia ya ukombozi haikuwa na hisani hiyo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalisafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, mji wa mpakani ulio sasa katika Mkoa wa Songwe. Mwisho wa njia hiyo, mjini Lusaka, Herbert Chitepo wa ZANU, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanganyika, aliuawa kwa bomu tarehe 18 Machi 1975. Wenzake walitiwa kizuizini, na mwaka 1976 tume iliyoundwa na Zambia ikawatwika lawama. Mwaka 1987 Ken Flower, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa Rhodesia, aliandika kwamba waliomwua walikuwa watu wa upande wake. Hata hivyo ubishi haukwisha.

Basi gharama kubwa ya ujasusi ni ndugu kumshuku ndugu. Riwaya humtaja mwovu ikafungwa; shaka hubaki kwa walio hai.