Full, Dim na Macho ya Mwenzako

Barabara ya Mombasa ikishatoka Athi River kuelekea Kyumvi hupita karibu na mlima wa Lukenya. Usiku, ukiitazama kutoka kwenye miamba, unaweza kuisoma historia ya taa za magari kwa rangi tu. Zile za manjano ni halojeni. Nyeupe ni LED. Halafu kuna zile za kisamawati zinazochoma macho. Hizo nitazifikia.

Taa za magari ya kwanza zilikuwa moto wenyewe. Kulikuwa na za mafuta, kisha za gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondoshea karabidi maji. Dereva alishuka akaziwasha kwa kiberiti. Mwaka wa 1912 Cadillac ilileta gari ambalo umeme wake uliwasha injini na taa pia. Shida ya kuona ikapungua, ikazaliwa nyingine: wewe ukiona vizuri, anayekuja haoni kitu.

Miaka ya 1920 ikaja balbu ya nyuzi mbili, mmoja wa full na mmoja wa dim. Wengi hudhani dim ni full iliyopunguzwa nguvu. Sivyo. Dim ni mwanga uliokatwa kwa mstari. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hivyo mwanga huinuka kidogo kushoto kumuonyesha anayetembea kando ya barabara, na hukaa chini upande wa kulia ili usimpige machoni anayekuja. Mitumba ya Japani inatufaa kwa sababu Wajapani nao huendesha kushoto.

Kenya yenyewe iliongeza somo lake. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miongo mingi ilipita kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Ng'ombe, basi, mtoto wa shule, wote walikuwa humo. Ndiyo maana baadhi ya timu zilifunga taa juu ya fenda, ili gari lionekane mapema ndani ya vumbi. Kwa hivyo taa ina kazi tatu: kuona, kuonekana, na kutompofusha mwenzako. Ya tatu ndiyo ngumu.

Halojeni ilipoingia kwenye magari ya Ulaya mwaka wa 1962, mwanga uliongezeka sana, lakini kazi hizo tatu zilibaki. Uzi wa balbu hukaa mahali maalum, na kioo kilicho nyuma yake kimepindwa kufuata mahali hapo. Uzi ukisogea hata milimita chache, ule mstari unaharibika.

Sasa nenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Utauziwa balbu ya LED ya kuchomeka kwenye taa ya halojeni. Chanzo chake cha mwanga mara nyingi hakikai pale uzi ulipokaa, basi kioo kinautawanya kila upande. Mwenye gari anafurahi, ati anaona poa, kwa sababu lami iliyo karibu naye inang'aa.

Mimi hupita Lukenya usiku kwa matatu, mara nyingi nikiwa kiti cha mbele. Dere akipigwa na taa hizo, anapunguza mwendo, anaacha kutazama mbele, anafuata mstari wa kushoto. Ni jambo la busara. Lakini kwenye ukingo huo ndiko wafanyakazi wanakotembea wakirudi nyumbani, na ndiko boda boda isiyo na taa ya nyuma inakojibanza. Yule ambaye dim ilibuniwa imuonyeshe ndiye anayesukumiwa gari.

LED si adui. Mwaka wa 2007 Lexus iliuza gari lenye dim ya LED, na taa nzima ilikuwa imebuniwa kwa ajili yake. Leo kuna taa zinazoukata mwanga pale tu alipo anayekuja, na kwingine kote zikabaki full. Zaidi ya miaka 100 ya uhandisi imemjali mtu usiyemjua, bana, halafu sisi tunaifuta kwa balbu moja.

Leo usiku simamisha gari mbele ya ukuta, uwashe dim. Utafute ule mstari. Usipouona, rudisha balbu ya zamani.