Makoro ni kitabu: wanafunzi mbele ya wazee

Sisi walimu wa Goma tumezoea kufundisha historia ya mbali. Lakini makoro tunayokanyaga kila siku, hiyo nayo ni historia. Ndiyo sababu, kisha moto wa 2021, tuliomba wanafunzi wetu wa darasa la sita waulize wazee juu ya Nyiragongo mwaka mzima wa masomo, halafu wasome kazi yao mbele ya wazazi.

Siku ilifika, chumba kikajaa. Kijana mmoja akasoma habari ya tarehe 10 Januari 1977: ziwa la moto lilimwagika kwa muda usiofika saa nzima, likaua watu vijijini, kisha likasimama karibu na uwanja wa ndege. Mzee mmoja akaitikia: "Ni vile kabisa. Volkano haipite pale."

Msichana akasimama kwa heshima. "Pole baba, tarehe 17 Januari 2002 ilipita." Moto ulifunika sehemu ya uwanja, ukachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ndani ya Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ulisimama tena pembeni ya mji.

Mzee akanyamaza kidogo. "Basi andikeni zote tatu, si ile yangu tu."

Hapo tulielewa sisi wenyewe. Anayekumbuka 1977 peke yake anaweza kubaki nyumbani siku ya kukimbia. Kukusanya maneno ya wazee ni kuwaheshimu. Kuyalinganisha ni kulinda watoto wao.