Mbwa anakojoa damu: inatoka wapi?

Hapa Goma wengi tunafuga mbwa juu ya kulinda parsele, na mkojo ukitoka mwekundu tunasema tu alipigwa jiwe. Inawezekana, lakini chunguza kwanza. Jike anaweza kuwa kwenye joto: damu hiyo haitoki katika mkojo. Dume mwenye kuzurura, akidondosha damu hata bila kukojoa, pengine ana uvimbe wa sehemu za siri, ule mbwa wanaambukizana wakipandana.

Kinga mkojo ndani ya chupa nyeupe, uache utulie saa chache. Wekundu ukishuka chini, ni damu yenyewe: kibofu, mawe, figo, ao sumu ya panya. Ukibaki mwekundu ao kahawia mpaka juu, fikiria babesiosi, ugonjwa wa kupe unaopasua chembe za damu. Lakini mbwa mwenye homa na ufizi mweupe asingoje hiyo chupa. Anaweza kufa kwa siku chache.

Usiguse mkojo huo na mikono mitupu, na watoto wakae mbali: leptospirosi, ambayo panya wanaieneza, inaambukiza watu pia. Munganga wa nyama ndiye atahakikisha, kwa kupima damu na mkojo kwenye mikroskopi. Ile amoksi iliyobaki nyumbani haiui babesiosi.