Kichwa cha Mfalme na Bei Yake

Sheria ya Ada za Mahakama ya mwaka 1870, iliyotungwa na serikali ya Waingereza nchini India, ina kifungu cha 30 ambacho kila mkusanyaji wa stempu za ushuru hukutana nacho mapema. Kinaagiza kwamba hati yenye stempu ya mahakama isipokelewe mpaka stempu ifutwe, na namna ya kuifuta ni karani kukitoboa kichwa kilichochorwa juu yake, huku akiiacha thamani bila kuiguza. Kile kipande kilichotoka sharti kichomwe au kiharibiwe. Kichwa cha mfalme kikaenda motoni, bei ikabaki kwenye karatasi.

Maharaja na manawabu wengi waliokuwa na mahakama zao wenyewe waliuiga utaratibu huo. Ndiyo maana leo ukifungua albamu ya stempu za ushuru za tawala zao utaona safu za watawala wenye vilemba na mikufu ya lulu, kila mmoja na tundu la duara usoni. Anayeanza hobi hii hudhani zimeharibika. Kumbe tundu ndilo ushahidi kwamba stempu ilifanya kazi yake: kulikuwa na mtu, kulikuwa na kesi, na ada ililipwa.

Waingereza walipoondoka mwaka 1947, India ilikuwa na tawala za wenyeji zaidi ya 560. Hyderabad ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16. Nyingine zilikuwa vijiji vichache na ngome iliyochakaa. Zilizowahi kutoa stempu za posta hazikuzidi sana arobaini, lakini zilizotoa stempu za ushuru na karatasi za mahakama zilikuwa mamia. Tofauti hiyo haihitaji falsafa. Posta hula pesa: inataka matarishi, njia, vituo na makarani. Ushuru huleta pesa, na mtawala mdogo aliyeshindwa kumpeleka tarishi hadi kijiji cha pili bado aliweza kumtoza mwanakijiji aliyekuja kushtaki.

Hata zile zenye posta, uhuru wake ulikuwa na kamba fupi. Stempu za Kashmir au Bhopal zilikuwa na thamani ndani ya mipaka ya utawala huo tu. Barua ya kwenda mbali ilihitaji pia stempu ya serikali ya Waingereza. Kundi jingine, la tawala sita, lilifanya mapatano na Waingereza kuanzia mwaka 1884: Patiala, Gwalior, Nabha, Jind, Chamba na Faridkot. Hizo zilipewa stempu za kawaida za India, zenye Malkia Victoria, zikapigwa chapa ya jina la utawala juu ya uso wake. Tahajia ya majina ilitegemea mpiga chapa. Patiala ilianza kama "Puttialla", na Jind ikapitia "Jhind" na "Jeend" kabla ya kutulia.

Msomaji wa pwani yetu anaijua hadithi hii hata kama hajui kwamba anaijua. Mwaka 1895 stempu hizohizo za India, za ana na rupia, zilipigwa chapa "Zanzibar" zikauzwa Unguja, na nyingine zikapigwa "British East Africa" kwa ajili ya bara. Unguja nako mpiga chapa aliteleza, na zipo stempu zilizoandikwa "Zanzidar". Kwenye jedwali la posta la dola ile, Sultani wa Unguja na Maharaja wa Gwalior waliketi benchi moja.

Tawala zilizojichapia zenyewe ndizo zinazovutia macho. Kashmir ilianza mwaka 1866 kwa stempu za duara zilizochapwa kwa rangi za maji, na mkusanyaji asiyejua akizilowesha ili kuondoa karatasi ya nyuma hubaki na bakuli la maji ya rangi. Travancore iliweka kombe la bahari, lile linalopulizwa hekaluni kama siwa inavyopulizwa kwetu, na matarishi wake wa posta iliyoitwa Anchal walikimbia na fimbo yenye njuga ili watu wawapishe njia.

Bhopal napenda kukaa nayo kidogo. Kuanzia 1819 hadi 1926 ilitawaliwa na wanawake wanne mfululizo, Waislamu, na stempu zake za kwanza katika miaka ya 1870 zilibeba jina la Shah Jahan Begam kwa herufi za Kiingereza, zikizunguka jina lake kwa Kiurdu lililobonyezwa katikati bila wino. Kila stempu kwenye bamba la mawe ilichorwa peke yake kwa mkono, na mchoraji kwa dalili zote hakuwa akisoma Kiingereza, bali alikinakili kama mtu anakilivyo maua. Hivyo "Begam" ikawa "Began", "Jahan" ikapoteza herufi, "Nawab" nayo vilevile. Wakusanyaji wa Ulaya walicheka, kisha wakaanza kulipa zaidi kwa makosa. Mimi hujiuliza kama yule Begam alijali. Jina lake la Kiurdu, lile ambalo raia wake wangelisoma, lilikuwa pale katikati.

Ila kwenye stempu za posta kuna shaka ambayo haiishi. Baadhi ya tawala ziligundua kwamba mnunuzi bora wa stempu ni yule asiyetuma barua. Orchha katika miaka ya 1930 ilitoa stempu za rangi kemkem zenye sura ya maharaja wake, na huonekana sokoni mara nyingi zaidi kuliko juu ya bahasha zilizosafiri. Sizilaumu tawala hizo, maana pesa ni pesa. Lakini ndiyo sababu niliyaacha mambo ya posta nikahamia ushuru. Hakuna aliyechapa stempu ya kufungulia kesi ya shamba ili kumfurahisha bwana mmoja wa London.

Na majina ya ada zenyewe! Kulikuwa na stempu za "nakal", za kulipia nakala ya hukumu. Kulikuwa na za "talbana", ada ya kumpelekea mtu wito wa mahakama. Kulikuwa na za "hundi", za nyaraka za fedha kati ya wafanyabiashara. "Vakalatnama", hati ya kumpa wakili mamlaka, nayo ilibandikwa stempu yake. Mswahili haoni ugeni hapa. Nakala, hundi, wakala: maneno haya yalifika kwetu kwa njia tofauti, mengine kutoka Arabuni, mengine kutoka Bara Hindi, lakini yalizunguka kwenye meza zilezile za biashara na kesi.

Karatasi zenyewe zilikuwa na nembo na thamani juu, kisha nafasi tupu. Kwenye nafasi hiyo mwandishi wa kulipwa aliandika maombi ya mteja kwa Kigujarati, Kiurdu au Kihindi: fulani bin fulani, mpaka wa shamba, deni ambalo halijalipwa, mjane anayegombea chumba. Katika madai ya mali, kwa kawaida ada ilipanda kadiri dai lilivyokuwa kubwa. Mtu aliinunua haki kabla ya kujua kama ataipata.

Hapo ndipo nina ugomvi na hobi yangu mwenyewe. Baada ya tawala hizo kumezwa na India, makabrasha mengi yaligeuka karatasi taka, na njia rahisi ya kuuza stempu ilikuwa kuikata. Mkasi ulipita chini ya nembo. Juu pakaingia albamu, chini pakatupwa. Albamu nyingi nzuri zimejaa vipande hivyo, safi na vyenye kingo zilizonyooka, na ndani yake hakuna hata mlalamikaji mmoja. Adolph Koeppel na Raymond Manners walipochapisha orodha yao kubwa ya stempu za ushuru za tawala hizi katika miaka ya 1980, walifanya kazi ambayo serikali yoyote ingeikimbia, na bila wakusanyaji kama wao tusingejua hata kwamba baadhi ya tawala zilichapa kitu. Lakini orodha husema stempu ilikuwa ya ana nane na ya rangi ya kijani. Haisemi nani alishinda kesi.

Kwa hiyo siku hizi nikipewa uchaguzi kati ya stempu adimu iliyokatwa na ya kawaida iliyo kwenye hati nzima, nachukua hati, hata ikiwa imeliwa na mchwa pembeni. Bei yake mara nyingi ni ndogo, kwa kuwa haiingii kwenye albamu.

Junagadh, ambayo kwenye stempu zake huitwa Soruth, ndiyo utawala wa wenyeji uliotangulia wengine kutoa stempu za posta, mwaka 1864. Mwaka 1929 ilitoa zenye picha ya simba wa Gir na ya Nawabu Mahabat Khan. Mwaka 1947 Nawabu huyo alijiunga na Pakistan, akakimbilia Karachi, na nchi yake ikaingia India. Tawala zaidi ya mia mbili za rasi ile ziliunganishwa mwaka 1948 kuwa Saurashtra. Mwaka uliofuata, stempu za ada ya mahakama za utawala jirani wa Bhavnagar zilipigwa chapa mpya iliyoziruhusu kutumika kwa ushuru na kwa posta pia. Stempu iliyotengenezwa kwa ajili ya mshtaki ikabandikwa kwenye barua, ikagongwa muhuri wa tarehe badala ya kutobolewa, na safari hii uso wa maharaja ukasalimika.