Maneno Yaliyobaki Msituni

Mtu atokaye Kisangani kwa njia ya Banalia, afikapo Bengamisa husikia Kiswahili na Lingala sokoni. Lakini akikaa barazani na wazee Wamanga, atasikia lugha nyingine kabisa. Majirani zao Wangelima husema Kibantu, tena huonyesha ngeli mwanzoni mwa neno, kama sisi tusemavyo mtu, watu. Kimanga, ambacho wataalamu hukiita Kimba, huionyesha mwishoni. Wataalamu hukiweka pamoja na lugha za upande wa Ubangi. Basi ni kama kisiwa katika maji ya Kibantu.

Twajiuliza: na kabla ya hao wote, msitu huu ulisema nini?

Wawindaji wa Ituri, Wambuti, hawatujibu upesi. Waefe husema lugha ya Walese, wengine ya Wabila. Waasua wana lugha yao, lakini nayo ni ndugu ya Kimangbetu. Kila kundi limevaa nguo ya jirani.

Magharibi, hata hivyo, liko jambo la ajabu. Wabaka wa Kameruni husema lugha ya jamii ya Ubangi. Waaka wa Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville husema Kibantu. Hawasikilizani. Mfaransa Serge Bahuchet, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alilinganisha maneno yao, akaona mengi yanafanana, hasa yale ya wanyama, miti na asali. Mwindaji mkuu wa tembo kwa wote wawili huitwa tuma. Pepo wa msitu ni Jengi huku, Ezengi kule. Jirani mkulima hakuweza kuwapa wote wawili majina hayo, kwa maana lugha za majirani hao ni mbalimbali. Bahuchet akasema: ni masalio ya lugha moja ya kale. Wengine wabisha, wakidhani waliazimana tu. Sisi twaelekea kwa Bahuchet, lakini hatuapi.

Hata Ulaya ni hivyo. Watrakia wa Balkani walikwisha kuacha lugha yao karne nyingi zilizopita. Pete ya dhahabu iliyoonekana Ezerovo, Bulgaria, mwaka 1912, ina herufi 61 za Kigiriki zenye maneno yao, na wataalamu hawajapatana juu ya maana yake. Lakini mji wa Plovdiv bado wabeba jina lao, Pulpudeva, ingawa Waslavi wameligeuza. Jina hudumu kwa sababu watu hulitaja kila siku.

Huko ndiko kunakotutia hofu. Mwaka jana tuliwauliza vijana wa mafundisho jina la mti ulio karibu na kanisa. Wote wakajibu, «Ni mti tu.» Bibi mmoja aliyekuwa akifagia akacheka, akatutajia majina mawili: moja la mti, na moja la viwavi wake. Tumeyaandika katika daftari la ubatizo, ukurasa wa mwisho, maana hatukuwa na karatasi nyingine.