Mvinyo mwekundu wa shamba moja: mambo ya kujua kabla ya kuupeleka Juba

Chupa ya mvinyo inayofunguliwa Hai Cinema, mmoja wa mitaa ya jiji la Juba, huwa imesafiri safari ndefu. Biashara yenyewe si ya siku nyingi. Sheria ya Kiislamu iliyotangazwa na serikali ya Khartoum mwaka 1983 ilipiga marufuku pombe, na biashara ya wazi ilishika kasi Juba baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005.

Sehemu kubwa ya mvinyo unaopita mpakani ni wa bei ya kawaida. Makala hii inahusu aina nyingine: mvinyo mwekundu wa zabibu za Grenache, uliotengenezwa kutokana na mizabibu mikongwe ya shamba moja tu. Ni ghali, hupatikana kidogo na huharibiwa na joto. Anayeuagiza kama anavyoagiza bia anaweza kupoteza mtaji wake wote barabarani.

Grenache ni zabibu gani?

Grenache ni zabibu nyeusi inayostahimili jua na ukame. Hispania huitwa Garnacha, na kisiwani Sardinia, Italia, huitwa Cannonau. Kwa hiyo ankara inayosema Garnacha na oda inayosema Grenache zinazungumzia zabibu ileile.

Mambo mawili huleta ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwanza, mvinyo wa Grenache mara nyingi huwa na rangi hafifu kuliko mivinyo mingine myekundu. Mnunuzi asiyeujua anaweza kudhani umetiwa maji. Pili, kileo chake huwa juu, mara nyingi asilimia 14 hadi 15. Kiwango kilichoandikwa kwenye lebo lazima kilingane na kilichoandikwa kwenye hati za forodha.

"Shamba moja" maana yake nini?

Mvinyo mwingi huchanganywa kutoka mashamba kadhaa. Mvinyo wa shamba moja hutokana na zabibu za kipande kimoja cha ardhi kinachojulikana kwa jina, na ndiyo maana mnunuzi hulipa zaidi.

Kanuni hutofautiana. Afrika Kusini hutaka shamba hilo liwe limesajiliwa, lisizidi hekta 6 na liwe na aina moja tu ya zabibu. Marekani inaruhusu jina la shamba kwenye lebo iwapo angalau asilimia 95 ya zabibu zimetoka humo. Mfano unaojulikana sana kwa Grenache ni L'Ermita wa eneo la Priorat, Hispania, unaotengenezwa na Álvaro Palacios. Mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1993.

Mizabibu mikongwe

Hapa mfanyabiashara awe macho zaidi. Nchini Ufaransa, maneno "vieilles vignes", yaani mizabibu mikongwe, hayana umri uliowekwa na sheria. Mzalishaji mmoja atayatumia kwa mizabibu ya miaka 30, mwingine kwa ya miaka 90.

Kwingineko kuna vipimo. Katika bonde la Barossa, Australia, mkataba wa hiari wa mwaka 2009 uligawa mizabibu katika madaraja manne: kuanzia miaka 35, 70, 100 na 125. Afrika Kusini, mradi wa Old Vine Project hutoa muhuri unaobandikwa kwenye chupa ukionyesha mwaka ambao mizabibu ilipandwa, na mizabibu hiyo lazima iwe na miaka 35 au zaidi. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, nalo lilipitisha umri wa miaka 35 kuwa mwanzo wa ukongwe.

Kama bei inategemea ukongwe, omba mwaka wa kupandwa uandikwe kwenye ankara. Neno tupu la kwenye lebo halitoshi.

Kwa nini hupatikana kidogo?

Mzabibu unapozeeka huzaa kidogo. Wakulima wengi waliing'oa ya zamani na kupanda mipya. Katika miaka ya 1980 serikali ya Australia Kusini hata iliwalipa wakulima kung'oa mizabibu, na Grenache nyingi kongwe ilipotea wakati huo. Iliyobaki ndiyo inayotafutwa leo.

Tufanye hesabu. Châteauneuf-du-Pape, eneo la Ufaransa linalosifika kwa Grenache, kanuni huruhusu lita 3,500 tu kwa hekta. Hizo ni chupa 4,666 hivi za mililita 750, yaani katoni 388 za chupa 12. Mavuno ya hekta moja hayajazi hata kontena moja la futi 20, na wanunuzi wa dunia nzima wanayagombania.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: mzigo ukiharibika, huwezi kupiga simu uletewe mwingine. Mwaka ule wa mavuno ukiisha, umekwisha.

Njia na joto

Njia kuu ni Mombasa, Nairobi, Malaba, Gulu, Elegu, Nimule hadi Juba, zaidi ya kilomita 1,500. Kipande cha Nimule hadi Juba, kilomita 192, kilikamilika kwa lami mwaka 2012.

Mvinyo wa aina hii hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi. Juba, miezi ya Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 35, na ndani ya kontena la kawaida lililoegeshwa juani hupanda zaidi ya hapo. Mvinyo hutanuka, husukuma kizibo na kuanza kuvuja. Hewa ikiingia, Grenache huathirika upesi kuliko zabibu nyingi nyekundu.

Tatizo kubwa ni kusimama. Aprili 2021 madereva wa malori waliegesha Elegu na kukataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa barabarani. Maisha ya dereva hayalinganishwi na katoni za mvinyo, na hakuna anayepaswa kumwomba asafiri usiku ili kukwepa jua. Kwa hiyo kinga iwe ndani ya kontena: kontena la friji lenye mafuta ya kutosha siku za ziada, na kifaa kidogo cha kurekodi joto tangu kiwandani hadi Juba. Rekodi hiyo humlinda msafirishaji pia, kwani itaonyesha kama mvinyo uliungua kabla hajaupokea.

Hati na bima

Mvinyo wa zabibu wa chupa isiyozidi lita 2 huingia kwenye namba ya ushuru 2204.21. Ankara isiyosema zaidi ya "mvinyo mwekundu" huzua maswali pale bei inapozidi ile iliyozoeleka mara kumi. Andika jina la mzalishaji, jina la shamba, mwaka wa mavuno, kiwango cha kileo, jumla ya lita na bei ya kila chupa.

Wapo wanaoshusha thamani ili kupunguza ushuru. Mbali na kuvunja sheria, mzigo ukiharibika watajikuta wanadai fidia wakiwa na hati inayosema ulikuwa rahisi.

Angalia pia masharti ya kununua. Kwa CIF Mombasa, muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandarini, lakini hatari ya mzigo humhamia mnunuzi tangu unapopakiwa melini. Safari ya kutoka Mombasa hadi Juba inahitaji bima yake, na uulize kama inagusa uharibifu wa joto, si wizi na ajali pekee.

Fedha

Muuzaji hulipwa kwa dola au yuro, mara nyingi kabla ya kupakia. Mlaji wa Juba anaweza kulipa kwa pauni. Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia pauni yake ipangiwe bei na soko, ikaporomoka kutoka karibu 3 hadi zaidi ya 18 kwa dola. Kiwanda cha bia cha SABMiller kilichofunguliwa Juba mwaka 2009 kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016 kwa uhaba wa fedha za kigeni. Kama kampuni ya ukubwa huo ilishindwa, mwagizaji mdogo asiweke akiba yake yote kwenye bidhaa inayouzwa polepole.

Kwa ufupi

Pata mnunuzi kabla ya kuagiza. Anza na katoni chache. Dai mwaka wa kupandwa mizabibu kwa maandishi. Lipia ubaridi na bima hadi Juba. Hesabu ikikataa baada ya gharama hizo, usiagize: kuupitisha kwenye joto ili kubana gharama ni kununua mvinyo na kuuza siki.